Mheshimiwa Hatembei

Nimefanya kazi na Kipaza miaka tisa, na sijawahi kumsikia akisema jambo lolote kwa sauti ya kawaida. Hata akiomba chumvi anaomba kama mtu anayetangaza bao la dakika za nyongeza. Yeye ni mtangazaji wa mpira katika redio yetu ndogo. Mimi ni fundi mitambo wake, ninayekaa ubavuni pake na kuhakikisha kwamba makelele hayo yanawafikia watu yakiwa mazima. Watoto wake wananiita Mjomba Waya. Sina mke wala mtoto, na kila nikitoka nyumbani kwake huwa namshukuru Mungu kwa hilo mpaka nifike kona ya barabara, halafu naanza kuwakumbuka.

Jumamosi ya fainali nilimfuata na gari la redio asubuhi, maana tulitaka kufunga mitambo mapema. Nilikuta mlango uko wazi na mechi imeshaanza.

"Yai liko mezani, wapenzi wasikilizaji!" Kipaza alikuwa amepiga magoti jikoni, kijiko mkononi, soksi moja mguuni na nyingine begani. "Kwanini analitazama yai, yai linamtazama Kwanini! Anafungua mdomo... laa! Amefunga! Ukuta umejengwa! Kijiko kinarudi nyuma, kinapitia kushoto, kinauzunguka mkono, pale mdomo umebaki wazi... ndaaani! Yai limeingia!"

Kwanini ni binti yake wa miaka mitano. Jina lake halisi limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na huko ndiko linakokaa. Alitafuna, akameza, akauliza, "Kwa nini yai halina mifupa na kuku anayo?"

"Swali zuri sana, tutarudi nalo baada ya mapumziko," alisema baba yake, akimfuta kidevu.

Ndivyo nyumba ile inavyoendeshwa. Mama watoto anafanya kazi kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Kipaza, ambaye mechi zake ni za mwisho wa wiki, ndiye anayelisha, anayeogesha na anayevalisha. Aligundua zamani kwamba yule binti hali, haogi wala havai mpaka atangaziwe. Kupiga mswaki pale kuna vipindi viwili na dakika za majeruhi. Jirani yao wa ukuta mmoja aliniambia kuna siku aliamka usingizini akashangilia kwa nguvu, kumbe mtoto alikuwa amevaa kiatu mguu unaohusika.

Wa pili alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, mgongo wima, akitutazama sote kama mtu aliyetuajiri. Huyu ndiye Mheshimiwa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi, na alipewa jina hilo kwa sababu hatembei. Anabebwa. Kidole chake kikielekea kikombe, kikombe kinaletwa. Kikielekea dirishani, yeye mwenyewe anapelekwa dirishani. Watoto wa rika lake mtaa mzima walikuwa wanapanda meza na kumwaga unga, yeye yupo tu mkekani anatoa maelekezo.

Walimpeleka kwa daktari. Daktari akaipindapinda miguu, akatekenya nyayo, akasema mifupa mizima na misuli mizima. "Tatizo la mtoto huyu," akawaambia, "ni kwamba huduma anayopata ni nzuri mno." Mama watoto alicheka sana pale hospitali. Walipofika nyumbani akalia.

Nitawaambia alilia nini, maana jambo lote liko hapo. Kwanini alipopiga hatua ya kwanza, mama yake alikuwa kwenye tanuri. Alirudi jioni akamkuta mtoto anazunguka meza kama vile alizaliwa anatembea. Jino la kwanza, vilevile. Neno la kwanza, vilevile. Siku ya neno lile alikwenda kwenye karai akanawa unga mikononi, akanawa, akanawa, mpaka Kipaza akaona aibu ya kusimama pale. Ndipo alipomwapia: mtoto atakayefuata atapiga hatua yake ya kwanza mbele ya macho ya mama yake, potelea mbali, hata ikibidi amfungie kabatini mpaka saa ya zamu kwisha.

Mimi nilidhani ni maneno ya kumfariji mke. Kumbe jamaa alikuwa hatanii.

Asubuhi ile, wakati Kipaza anatafuta soksi aliyokuwa ameibeba begani, Mheshimiwa alikishika kiti, akajivuta, akasimama. Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili, akabaki amesimama peke yake katikati ya jiko, anayumba, uso umejaa fahari. Nilikuwa nataka kupiga makofi. Kipaza aliruka kutoka upande wa pili wa jiko na kumkalisha chini, pwata!

"Wewe ni mzima kweli?" nikamwuliza. "Mtoto amesubiriwa asimame tangu mwaka jana, leo anasimama, unamkalisha?"

"Mama yake hayupo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo asubiri! Simzuii, Waya, namchelewesha tu. Saa kumi na mbili jioni mama yake akiingia mlango ule, hata akitaka kukimbia, ruksa." Alifuta jasho. "Juzi nimemkalisha mara saba. Jana mara kumi na moja. Anazidi kuwa mbishi, na sijui anakula nini, ana mapaja kama beki wa kati."

"Si wewe unayempa mazoezi? Simama, kaa, simama, kaa, kutwa nzima?"

Kipaza aliyatazama tena yale mapaja. Hilo hakuwa amelifikiria.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake, shangazi wa watoto, ambaye hukaa nao siku za mechi. Jino lilikuwa limemwamkia, shavu limevimba hadi jicho limefunga, yuko njiani kwenda kuling'oa. Kipaza alimpa pole kwa sauti ya juu sana, akakata simu, akanigeukia.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Basi hapana hiyohiyo."

Ile mapema ilishindikana; saa nane mchana ndipo tulikuwa tunapanda ngazi za chuma kwenda chumba cha matangazo cha uwanjani. Mimi nimebeba mitambo, Kipaza amembeba Mheshimiwa begani na mfuko wa nepi shingoni, na Kwanini yuko nyuma anauliza kwa nini ngazi ina matundu. Watoto hawaruhusiwi mle. Kuna karatasi mlangoni inayosema hivyo, kwa mwandiko wa Kipaza mwenyewe, aliyoibandika siku alipogombana na mtangazaji wa riadha aliyekuja na mpwa wake.

Nilikuwa sijatulia hata kidogo. Fainali ilikuwa kati ya Soko Kuu na Kiwanda cha Mikate. Ndiyo, kiwanda hichohicho. Wachezaji walipewa ruhusa, wengine wote wakabaki kazini kwa kuwa tanuri halijui fainali, na mama watoto alikuwa ametuambia kwamba redio ingewekwa juu ya rafu ya unga, sauti mpaka mwisho. Kiwanda kizima kingekuwa kinasikiliza. Na mji mzima. Na Bosi wetu wa redio.

Chumba chenyewe ni cha mbao, kina dirisha moja la kioo linalotazama uwanja, meza moja, viti viwili na feni ambayo kazi yake ni kuning'inia. Kwanini tulimweka kwenye stuli na pakiti ya biskuti. Mheshimiwa tulimketisha sakafuni upande wangu wa kushoto, karibu na sanduku la nyaya, naye akaanza kulikagua. Kipaza akavaa hedifoni zake, ambazo waya wake ni mfupi na umefungwa mezani. Akishazivaa hawezi kwenda popote, ni kama mbuzi kwenye kamba. Nikampa ishara, tukaingia hewani.

Na mechi ilikuwa ya moto! Dakika ya kwanza tu Soko Kuu waligonga mwamba. Dakika ya sita Mikate wakajibu kwa shuti lililopeperusha kofia ya mpiga picha nyuma ya goli. Kipaza alisimama, akakaa, akasimama. Niliupunguza mtambo mara tatu ili sindano ya kupimia sauti isivunjike.

Kisha ikasikika sauti nyembamba hewani. "Baba, kwa nini yule amelala?"

Nilipigwa na butwaa. Kipaza hakubabaika hata nukta. "Amelala, mwanangu, kwa sababu amepigwa kiwiko cha mbavu na mwamuzi hajaona!"

"Kwa nini hajaona?"

"Hilo ndilo swali ambalo uwanja mzima unajiuliza!"

Simu ya mezani ikawaka taa. Ilikuwa sauti ya Bosi. "Nani huyo mchambuzi wa leo?"

"Yuko kwenye mafunzo, mzee," nikasema.

"Ana sauti nyembamba."

"Ana mafua, mzee."

"Mwache aendelee. Anauliza mambo ya maana."

Basi kipindi cha kwanza kikaenda hivyo, baba anatangaza, binti anahoji, na nikaanza kujidanganya kwamba tungemaliza salama. Soko Kuu walipata bao dakika ya sitini na moja. Nilimwona Kipaza akimeza mate kabla ya kulitangaza, maana alijua ni wapi linaposikika. Alilitangaza lakini, kwa haki yote, mishipa imemtoka.

Dakika ya themanini Mheshimiwa alichoka na nyaya. Alishika ukingo wa sanduku, akasimama.

Kipaza alimwona kwa pembe ya jicho. Sauti yake ilipanda juu ghafla wakati mpira ulikuwa umetoka nje na hakuna lolote linaloendelea, nadhani wasikilizaji walijiuliza kuna nini kwenye mpira wa kurusha. Akaninyooshea kidole, akamwonyesha mtoto, akapiga hewa kwa kiganja kuelekea chini. Mkalishe. Nikamkalisha. Mheshimiwa akaniangalia, si kwa hasira, bali kama mtu anayenikumbuka vibaya. Akasimama tena.

Dakika ya themanini na nne nikamkalisha mara ya pili. Roho iliniuma. Kipaza alikuwa anatangaza kona huku akiandika kwenye karatasi, akaisukuma kwangu. Ilikuwa imeandikwa: USIMWACHE! BADO MASAA MAWILI!

Mara ya tatu nilipoinama, mtoto aliushika mkono wangu kwa vidole vyake vyenye chembe za biskuti, akausukuma pembeni. Aliusukuma kweli. Mtu mzima anayekataa msaada wa mtu hasukumi tofauti na vile. Nikauvuta mkono wangu, nikauweka mfukoni.

Kipaza alitoa macho. Alipiga hewa kwa kiganja, akapiga tena. Nikatikisa kichwa. Baadaye nilimwambia kwamba mikono yangu yote ilikuwa kwenye mitambo. Nilidanganya. Wa kushoto ulikuwa huru kabisa.

Dakika ya themanini na nane, penalti! Penalti kwa Mikate! Mshambuliaji wao alikuwa amekwatuliwa ndani ya boksi, na safari hii mwamuzi aliona. Uwanja ulilipuka. Kwanini aliruka kutoka kwenye stuli. Mimi mwenyewe, ambaye kwa kawaida nauona mpira kama sindano inayopanda na kushuka, nilijikuta nimesimama. Wakifunga, wamesawazisha. Nikawaza kiwanda kizima kimesimama mbele ya rafu ya unga.

"Anaweka mpira," alisema Kipaza, sauti imeshuka. "Anaufuta kwa jezi. Anarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu. Golikipa wa Soko Kuu anapiga makofi. Kimya, wapenzi wasikilizaji, watu elfu sita wako kimya. Mwamuzi anapuliza. Mpigaji anavuta pumzi, anaanza... ANATEMBEA!"

Nilitazama kushoto. Mheshimiwa alikuwa ameliachia sanduku.

"Anatembea! Mungu wangu, anatembea! Mwanangu anatembea!" Kipaza alikuwa ameupa uwanja mgongo. "Mama watoto! Kama unanisikia hapo kwenye tanuri, weka chini hiyo trei! Weka chini trei, mke wangu, tazama! Ameachia sanduku! Mguu wa kulia mbele, huooo, umetua! Tumbo limetangulia, mikono yote juu! Mguu wa kushoto, anauvuta, anauvuta, umekuja! Hatua mbili! Hashikwi na mtu, mama watoto, hakuna anayemshika! Anayumba! Anayumba kushoto, anataka kuanguka, hapana! Amesimama! Ananitazama mimi, anacheka, meno yote ya mbele nje, anainua mguu, hatua ya tatu! Ya tatu, jamani, ya tatu, bado kidogo, njoo, njoo baba..."

Hapo akakatika. Sindano ya maikrofoni yake ililala kwenye sifuri, na katika miaka tisa sijawahi kuiona imelala pale yeye akiwa hewani. Iliyobaki ilikuwa sauti ya uwanja tu, ule mguno mkubwa wa watu waliokatishwa tamaa, kwa sababu mpira ulikuwa umepaa juu ya mwamba na kuangukia maegesho ya magari. Hakuna aliyeutangaza. Kipaza alikuwa amepiga magoti sakafuni, hedifoni zimemchomoka kichwani, Mheshimiwa yuko kifuani kwake, na analia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni. Kwanini alimpapasa mgongo baba yake, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa nini.

Simu ilikuwa inawaka taa kama gari la polisi.

"Mpira umekwenda wapi?" alinguruma Bosi.

"Juu ya mwamba, mzee."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema, mzee."

Nitafupisha. Mikate walifungwa moja bila. Kipaza alirudi mezani akamalizia dakika mbili kwa sauti iliyokwaruza, akaomba radhi, akaomba radhi tena. Bosi alimwondoa kwenye mpira wiki mbili na kumpa matangazo ya vifo. Alisoma siku moja tu. Familia tatu zilipiga simu kulalamika kwamba marehemu wao ametangazwa kana kwamba ameshinda, na Bosi akamrudisha uwanjani.

Lakini siku ile adhabu haikumsumbua. Tukiwa njiani kurudi alikuwa amenyong'onyea kwenye kiti cha mbele, watoto nyuma. "Nilimwapia, Waya," alisema. "Nilimwapia atamwona. Sasa nimemtangazia kama ninavyomtangazia mtu yeyote mwenye redio. Mtu wa Soko Kuu amesikia sawasawa na yeye. Nitamtazama vipi?"

Nilitaka kumwambia kuhusu mkono wangu wa kushoto. Nikabadilisha gia.

Mama watoto alikuwa ameshafika. Tulimkuta mlangoni, aproni bado kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi. Kipaza hata hakumsalimia. Alimsimamisha Mheshimiwa sakafuni, akarudi nyuma hatua mbili, akachuchumaa. "Haya, mwanangu. Mwonyeshe mama. Kama ulivyofanya kule."

Mheshimiwa alitutazama mmoja mmoja. Akakaa chini.

"Anachezea muda!" Kipaza alijaribu kutangaza, lakini sauti yote ilikuwa imebaki uwanjani. Akamsimamisha tena, mtoto akakaa tena, akanyoosha kidole kuonyesha kikombe. Alimbembeleza kwa biskuti, kwa kijiko, kwa funguo za gari la redio. Wapi! Mwisho Kipaza akaketi naye sakafuni, kichwa chini.

"Nisamehe, mke wangu. Nilikuahidi. Umemkosa na huyu."

"Nani kakwambia nimemkosa?" Mama watoto aliketi mbele yao, miguu kaikunja. Akasema kiwandani aliweka chini trei kama alivyoambiwa, kisha akapiga ukelele kiasi kwamba watu wote wakajua ni bao. Msimamizi wa zamu alimkumbatia mpishi wa keki, vijana wa kufunga mikate wakarusha unga juu, wakaja kumnyanyua yeye begani. Ilichukua muda kuwaeleza. "Hawatanisemesha mpaka mwezi uishe," alisema, akicheka na kujifuta macho, unga na machozi vikawa tope. "Hatua nne. Ya tatu alitanguliza kuyumba kushoto. Ya nne ndiyo iliyomfikisha kwako."

Nilimtazama Kipaza, Kipaza akanitazama. Sote wawili tulijua.

"Ya nne sikuitangaza," alisema polepole.

"Najua."

"Sasa umeijuaje?"

"Ulinyamaza," alisema mama watoto. "Miaka minane nimeishi na wewe, hujawahi kunyamaza. Nikajua amekufikia."